Kitufe Kimoja, Herufi Nyingi: Simu za Vitufe katika Nyumba za Arua na Koboko

Tuseme mama mmoja wa Koboko amebaki nyumbani na watoto wadogo. Mumewe yuko Arua, mwendo wa kilomita 55 hivi kwa barabara, ambako mtoto wao amelazwa hospitalini kwa homa. Usiku umeingia. Simu ndogo ya vitufe, ile yenye tochi, imewekwa juu ya mkeka karibu na mto, na kila mara mama huitupia jicho. Hatimaye inalia. Ujumbe umefika, nao ni wa maneno mawili tu: "Mtoto amesoma."

Mama anausoma mara ya pili. Mtoto wa miaka miwili, tena mwenye homa, amesoma nini? Anataka kupiga simu, lakini salio limekwisha na maduka yamefungwa. Mpaka alfajiri hana raha. Kumbe baba alikusudia habari njema kuliko zote: "Mtoto amepona."

Mfano huu umebuniwa, lakini kosa lenyewe ni la kweli, na yeyote mwenye simu ya vitufe aweza kulijaribu. Herufi za neno "amepona" na zile za neno "amesoma" hukaa katika vitufe vile vile na kwa mfuatano ule ule: 2, 6, 3, 7, 6, 6, 2. Simu yenye programu ya kubashiri maneno humtaka mwandishi abonyeze kila kitufe mara moja tu, kisha yenyewe hukisia neno lililokusudiwa. Ikikisia vibaya, na mwandishi asipokitazama kioo kabla ya kutuma, mama wa Koboko hukesha bure.

Basi yafaa kuuliza: ni nani aliyezipanga herufi hizo? Kwa nini P na S zikae nyumba moja, na M, N na O zikae nyingine? Je, mpango huo ni mmoja duniani kote? Maswali haya yana uzito wa pekee katika West Nile, ambako Uganda inapakana na Kongo na Sudan Kusini, na ambako familia moja yaweza kuwa na kijana Kampala, binti Juba, na mjomba ng'ambo ya mpaka huko Ariwara. Simu za familia kama hiyo hutoka pande zote hizo, na lugha zinazoandikwa ndani yake si moja wala mbili.

HERUFI ZA KUSAIDIA KUMBUKUMBU

Herufi zilikuwako katika simu zamani sana, kabla mtu yeyote hajawaza kuandika ujumbe kwa simu. Kazi yake haikuwa kuandika, bali kukumbuka.

Katika miji mikubwa ya Marekani na Ulaya, kila mtaa ulikuwa na kituo chake cha kuunganishia simu, na kila kituo kilikuwa na jina. Mtu alimwambia opereta jina la kituo na namba aitakayo, naye opereta akamwunganishia. Hata katika Afrika Mashariki wazee wanakumbuka jinsi barua za ofisi zilivyoandikwa namba ya simu: jina la mji kwanza, kisha tarakimu chache tu.

Mitambo ilipoanza kuunganisha simu yenyewe, mwenye simu alilazimika kuzungusha kisahani chenye matundu kwa kidole chake mwenyewe. Wakuu wa kampuni za simu waliona shaka iwapo watu wataweza kukumbuka tarakimu sita au saba mfululizo. Mwaka 1917 mhandisi wa kampuni ya AT&T ya Marekani, William Blauvelt, alileta shauri rahisi: herufi ziwekwe kando ya tarakimu, ili mtu azungushe herufi za mwanzo za jina la kituo, kisha amalizie na tarakimu chache. London ilifuata njia hiyo kuanzia mwaka 1927. Simu ya makao makuu ya polisi wa London, kwa mfano, ilijulikana kwa wote kuwa Whitehall 1212. Mpigaji alizungusha W, H na I, yaani 9, 4 na 4, kisha 1212.

Tarakimu 1 haikupewa herufi hata moja. Katika mitambo ya wakati ule, kila tarakimu ilikuwa ni idadi ya mapigo ya umeme, na pigo moja liliweza kutokea kwa bahati mbaya mtu alipougusa mkono wa simu. Kwa hiyo hakuna namba iliyoanza na 1. Nayo 0 huko Marekani iliachwa kwa ajili ya kumwita opereta. Zikabaki tarakimu nane, kila moja ikibeba herufi tatu, jumla herufi 24. Alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26. Mbili zikakosa mahali, nazo ni Q na Z, kwa kuwa majina ya vituo hayakuzihitaji sana.

Hapo ndipo msomaji aonapo jambo la kwanza la kuzingatia. Mpango huo ulitengenezwa kwa ajili ya majina ya mitaa ya miji michache iliyozungumza Kiingereza. Haukutazamia neno lolote la Kiswahili, ambalo bila Z haliwezi kusema "zawadi" wala "mzazi", sembuse maneno ya Kilugbara au Kikakwa.

KILA NCHI NA UTARATIBU WAKE

Nchi nyingine zilipoiga mpango huo, kila moja iliutia mkono wake. Waingereza waliona kwamba herufi O na tarakimu 0 zafanana mno kwa sura, wakaogopa watu watazichanganya. Basi wakaiondoa O pale kwenye 6 walipoiweka Wamarekani, wakaipeleka kwenye 0 pamoja na Q. Wafaransa nao walifanya vivyo hivyo. Matokeo yake, jina moja lenye herufi O lilikuwa namba moja New York na namba nyingine London.

Australia ilichukua njia yake. Huko kila tarakimu ilipewa herufi moja tu, na herufi zenyewe zilichaguliwa zile ambazo masikio hayazichanganyi: A, B, F, J, L, M, U, W, X na Y. Mjini Moscow, herufi kumi za Kirusi ziliwekwa moja moja kando ya tarakimu kumi, lakini herufi iliyo na sauti ya Z ilirukwa, kwa sababu sura yake yafanana na tarakimu 3.

Wala tusidhani kwamba ni herufi peke yake zilizotofautiana. Katika New Zealand, hata tarakimu zenyewe zilipangwa kinyume kwenye kisahani. Ndiyo maana namba yao ya kuomba msaada wa dharura ikawa 111, ambapo Uingereza, na baadaye Uganda, zilitumia 999. Kwa mitambo ya zamani, kuzungusha 1 huko kulitoa mapigo tisa, sawasawa na kuzungusha 9 London.

Tofauti hizi hazikuleta taabu kubwa maadamu kila mtu alipiga simu ndani ya mji wake. Taabu ilianza pale watu walipoweza kupiga wenyewe, bila opereta, kutoka nchi moja hadi nyingine. Jina la kituo cha Paris lingekuwa na maana gani kwa mtu mwenye kisahani cha Kimarekani? Dawa ikawa kuziacha herufi na kutumia tarakimu tupu. Paris ilifanya hivyo mwaka 1963, na Uingereza ikaanza mwaka 1966. Herufi zikawa kama zimestaafu.

VITUFE VYAJA, HERUFI ZAFUFUKA

Mwaka huo huo wa 1963, katika miji miwili midogo ya jimbo la Pennsylvania huko Marekani, watu wa kawaida walianza kuuziwa simu ya vitufe badala ya kisahani. Mpango wa vitufe haukutokea hivi hivi. Wahandisi wa maabara ya Bell waliwajaribu watu kwa mipango mingi tofauti, na taarifa yao ilitolewa mwaka 1960. Walichagua safu tatu za tarakimu tatu, 1-2-3 zikiwa juu, na 0 peke yake chini. Vitufe vya nyota na reli viliongezwa mwaka 1968.

Mfanyabiashara wa sokoni Arua ambaye kutwa nzima anapiga hesabu kwa kikokotoo hana budi kukumbuka jambo hili. Katika kikokotoo, 7-8-9 ndizo zilizo juu na 1-2-3 ziko chini. Kidole kilichozoea kimoja hukosea kwa kingine, hasa gizani au mtu akiwa na haraka. Anayetuma fedha kwa simu huku wateja wamemzunguka ana sababu nzuri ya kusoma tarakimu kwa macho, asikitegemee kidole peke yake. Na kwa wale ambao macho yao yamedhoofu, ipo alama ndogo iliyoinuka juu ya kitufe cha 5, kitufe cha katikati. Kidole kikiipapasa alama hiyo, vitufe vingine vyote hupatikana kwa kuhesabu: 2 iko juu yake, 8 iko chini yake, 4 kushoto na 6 kulia.

Herufi zilifufuliwa na ujumbe mfupi wa maandishi. Ujumbe wa kwanza wa namna hiyo ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mara herufi zile za kukumbushia majina ya mitaa zikapewa kazi mpya kabisa: kuandika barua za watu. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, kwa kanuni yake iitwayo E.161, ukaweka mpango mmoja wa alfabeti ya Kilatini. O ikarudi kwenye 6, Q ikapata nafasi kwenye 7 kati ya P na R, na Z ikaketi mwishoni mwa 9. Ndiyo maana hadi leo vitufe vya 7 na 9 vina herufi nne nne, na vingine vina tatu tatu.

Mataifa yenye maandishi ya namna nyingine yalijaza vitufe kwa herufi zao. Wagiriki waliweka herufi tatu katika kila kitufe, kuanzia 2 hadi 9, zikatosha sawasawa kwa herufi zao 24. Warusi waliweka nne nne kwa herufi zao nyingi.

SIMU ZA KIARABU MPAKANI

Mpango unaowahusu zaidi watu wa Koboko ni ule wa Kiarabu. Wilaya hii, iliyoundwa mwaka 2005 kutoka Arua, inapakana na Sudan Kusini na Kongo, na kituo cha mpakani cha Oraba kiko ndani yake. Jamii ya Wanubi imeishi katika miji ya West Nile kwa vizazi vingi, na Kinubi chao kina asili ya Kiarabu. Simu iliyonunuliwa Khartoum au Dubai yaweza kuwa na herufi za Kiarabu kando ya zile za Kilatini.

Anayeitazama simu hiyo mara ya kwanza hudhani kwamba herufi zimetawanywa ovyo. Alifu iko kwenye 3, na be iko kwenye 2. Jimu iko kwenye 6, dali kwenye 5, na sini kwenye 4. Lakini hapana ovyo hapo. Kiarabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, nacho kitufe cha 3 ndicho kilicho mwisho wa kulia katika safu ya kwanza. Alfabeti huanzia hapo, huenda kushoto, kisha hushuka safu ya pili na kuanza tena kulia. Mtoto wa madrasa akielezwa jambo hilo moja, huzipata herufi zote bila ya kufundishwa zaidi.

Hatari iko katika tarakimu zinazoandikwa kwa mkono. Wengi waliosoma Khartoum waliandika tarakimu kwa sura za Kiarabu cha mashariki. Katika sura hizo, tano ni ٥, kiduara kinachofanana na sifuri yetu, na sifuri yenyewe ni nukta ٠. Sita ni ٦, ambayo kwa jicho lisilozoea yaweza kusomwa saba. Namba ya simu iliyoletwa kwenye karatasi na msafiri kutoka kaskazini ikisomwa kwa pupa, basi mpigaji humpata mtu asiyemjua. Na ikiwa ni ya kutumia fedha, fedha hupotelea kwa mgeni.

LUGHA ZISIZOTAZAMIWA

Mpango wa kimataifa wa herufi za Kilatini uliwatosha Waingereza. Je, umewatosha watu wa Arua, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, na majirani zao?

Kilugbara na Kikakwa si lugha za ukoo mmoja. Cha kwanza ni cha jamii ya Sudani ya Kati. Cha pili ni ndugu wa Kibari cha Sudan Kusini. Hata hivyo, zote mbili zina sauti za b na d ambazo hutamkwa kama kwamba mtu anavuta pumzi ndani, nazo huandikwa kwa kutanguliza ritifaa: 'b na 'd. Katika vitufe, ritifaa haina makao yake. Aghalabu hufichwa katika kitufe cha 1 nyuma ya nukta na mkato, au katika kitufe cha nyota. Kijana mwenye haraka huiacha. Kilugbara, juu ya hayo, ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana. Na alama za toni ni ngumu zaidi kupatikana.

Waganda nao wana herufi yao ŋ, iliyothibitishwa katika maandishi sanifu ya Kiganda ya mwaka 1947. Vitufe havikuijua, na wengi huandika ng' mahali pake, kama Kiswahili kifanyavyo. Na Kiswahili chenyewe hakikosi hasara ritifaa ikiachwa. "Ng'oa" ni kuchomoa kitu ardhini, lakini "ngoa" ni wivu na tamaa. Mtu akiagizwa kwa ujumbe "ngoa mihogo", ataelewa kwa sababu ya mihogo. Siku nyingine huenda asielewe.

Kuna jambo jingine linalogusa mfuko. Ujumbe mfupi mmoja huchukua herufi 160, mradi herufi zote zimo katika orodha ya kimataifa iliyowekwa kwa mitambo ya simu. Orodha hiyo ina herufi za Kijerumani, Kiitaliano na za nchi za Skandinavia, na hata herufi kubwa kadhaa za Kigiriki. Herufi ŋ haimo. Mwandishi akitia ŋ moja tu, ujumbe mzima hubadilishwa utaratibu, na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Kinachozidi hapo hugawanywa na huweza kutozwa kama ujumbe wa pili. Ujumbe wa herufi za Kiarabu pia una nafasi 70, na vivyo hivyo ule uliotiwa vikatuni vya uso.

Kwa bahati njema, ritifaa iliyonyooka ( ' ) imo katika orodha. Kwa hiyo 'b na 'd za Kilugbara na Kikakwa, na ng' ya Kiswahili, hazimgharimu mtu hata senti moja ya ziada. Ila katika simu kubwa za kioo, ritifaa wakati mwingine hubadilishwa yenyewe kuwa ile iliyopinda ( ’ ), na hiyo haimo. Mwenye kuandika barua ndefu kwa ujumbe mfupi na aitazame alama hiyo ndogo.

KISWAHILI KATIKA VITUFE

Mwandishi wa Kiswahili ana neema moja na taabu kadhaa. Neema ni kwamba irabu A, ambayo Kiswahili chaitumia kuliko zote, hupatikana kwa kubonyeza mara moja tu. Taabu ni kwamba S na Z huhitaji mibonyezo minne kila moja. Neno "sasa" hutaka mibonyezo kumi. Vijana wakaliandika "xaxa", ambalo hutaka sita tu. Wazee wameichukia tahajia hiyo, na wana haki. Lakini hesabu yaonyesha kwamba ndani ya uvivu huo palikuwa na faida.

Neno "baba" hukaa lote katika kitufe cha 2, na neno "mno" ndilo kitufe cha 6 chenyewe kama kilivyochapwa: M, N, O. Kwa njia ya kubonyeza mara kwa mara, mwandishi hulazimika kungoja kidogo kati ya herufi na herufi, la sivyo herufi moja humeza nyingine.

Kwa njia ya kubashiri, hatari ni ile ya mama wa Koboko. Programu ya namna hiyo iliyoenea sana ni T9, iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1990. Ikikosa kamusi ya Kiswahili, huweka maneno ya Kiingereza. Mwenye simu akiifundisha maneno yake, huchanganya yale yenye vitufe sawa. "Kuja" na "kula" ni 5852. "Sita" na "pita" ni 7482. "Kumi" na "Juni" ni 5864. "Mia", "nia" na "oga" zote tatu ni 642. Basi aliyeandika "baba anakuja" aweza kutuma "baba anakula", na aliyetaka shilingi elfu sita aweza kuomba "elfu pita". Haya yakitokea katika mazungumzo ya kawaida, watu hucheka. Yakitokea katika tarehe ya dawa, au katika fedha za karo, hapana wa kucheka.

MAKUBALIANO YA NYUMBANI

Kwa kuwa mpango wa vitufe ni makubaliano ya watu wa mbali, kila nyumba yafaa iwe na makubaliano yake madogo. Haya yafuatayo hayahitaji gharama yoyote.

Kwanza, fedha na tarehe ziandikwe kwa tarakimu, wala si kwa maneno. "6000" haiwezi kugeuka "elfu pita", na "10/6" haiwezi kuchanganya kumi na Juni. Katika simu nyingi, kitufe kikishikiliwa kwa muda kidogo hutoa tarakimu yake moja kwa moja.

Pili, namba za jamaa zihifadhiwe pamoja na msimbo wa nchi: +256 kwa Uganda, +243 kwa Kongo, +211 kwa Sudan Kusini. Baada ya msimbo, sifuri ya mwanzo huondolewa. Karibu na mpaka, simu yaweza kudaka mtandao wa nchi jirani bila mwenyewe kujua, na namba isiyo na msimbo ikakataa. Daftari za zamani nazo zitazamwe upya, kwa kuwa kabla Sudan Kusini haijapata msimbo wake mwaka 2011, kampuni ya Gemtel ya Juba ilitumia msimbo wa Uganda, na namba za Khartoum zilianza na 249.

Tatu, namba zote muhimu ziandikwe kwa wino katika daftari la nyumbani, kwa tarakimu za kawaida. Namba iliyokuja kwa tarakimu za Kiarabu na isomwe kwa sauti na mtu anayezijua, kisha iandikwe upya papo hapo. Simu huibwa na betri hufa, lakini daftari lililofungwa vizuri sandukuni halina haja ya umeme.

Nne, kabla ya kutuma fedha, mtumaji asome namba kwa sauti, tarakimu mbili mbili, na mtu wa pili aifuatishe katika daftari. Jina la mpokeaji likionekana kwenye kioo, lisomwe kwanza. Namba ya siri isitungwe kutokana na jina la mtoto lililogeuzwa kuwa tarakimu, maana mwizi naye anazijua herufi za vitufe.

Tano, habari ya ugonjwa, ya kifo au ya safari isiachiwe neno moja. "Amepona" peke yake yaweza kupotoka. "Amepona, homa imeshuka, kesho tunarudi" haiwezi kupotoka yote. Neno moja likikosewa, mengine yatalisahihisha.

Sita, vijana wawafundishe wazee wao, na wazee wawasahihishe vijana lugha. Bibi anayeandika Kilugbara polepole, bila kuiacha ritifaa hata mara moja, anafanya kazi ambayo kampuni kubwa za simu hazikuifanya. Lugha ambayo alama zake huachwa kila siku katika simu, mwishowe huachwa hata katika daftari la shule. Familia ikikubaliana kwamba ritifaa huandikwa hata kama inataka mibonyezo mitano, watoto watajua kwamba ni sehemu ya neno, si uchafu juu ya kioo.

Simu za kioo zimeenea, na ndani yake ubao wa herufi hubadilishwa kwa kugusa tu. Lakini simu ya vitufe haijaondoka katika vijiji vya West Nile, wala katika kambi za wakimbizi kama Rhino Camp na Lobule. Betri yake hukaa siku kadhaa, ikianguka haivunjiki upesi, na tochi yake huongoza njia ya kisimani alfajiri. Itaendelea kubeba habari za uzima na ugonjwa kwa muda mrefu bado.

Mama wa Koboko hahitaji kujua habari za Blauvelt wala za kanuni ya E.161. Anahitaji mume aliyekubaliana naye kuandika maneno matatu zaidi, na kuyasoma kabla ya kuyatuma. Nyumba ikiwa na makubaliano hayo, ujumbe utakapolia usiku mama atausoma mara moja, atawafunika wadogo shuka, naye atalala.